Shubiri ya Naro Moru na Maji ya Kulinganishia

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha neli za kioo tangu asubuhi hadi saa sita, na zote zikarudishwa. Msimamizi wa Maabara, Bwana Wafula, alichukua moja, akaijaza maji, akayamwaga, kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona haya matone?" akaniuliza. "Kioo safi haishiki tone. Maji inateremka yote pamoja kama pazia. Hii bado iko na mafuta."

"Nimeosha kwa sabuni, Bwana."

"Ndiyo, na sabuni nayo umeiacha ndani. Rudia."

Nilirudia. Jioni alipita tena, akainua neli tatu, akazirudisha mahali pake bila kusema kitu. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwake yeye kunyamaza kulikuwa ndiko kusifu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, katika maabara ya hospitali moja ya Nyeri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia darasa la nane, na nimeandikwa kuosha vyombo. Nilikaa kwa dada yangu Ruring'u, na asubuhi nilitembea kwa miguu kupanda mjini, mikono ndani ya sweta. Bwana Wafula alitoka magharibi ya nchi, na hakuwahi kuizoea baridi yetu. Mwezi wa Julai alivaa sweta mbili chini ya koti jeupe na bado akakohoa. Alikuwa ameugua nimonia mara mbili tangu aletwe Nyeri. "Hii baridi yenu mliitoa wapi?" alikuwa akituuliza sisi wenyeji, kana kwamba tuliiagiza.

Yeye ndiye aliyenifundisha maji. Watu hudhani maji ni maji, lakini maabara ina ya aina tatu. Kuna ya mfereji, ya kuoshea. Kuna yaliyokenekwa, yaani yamechemshwa hadi yakawa mvuke, mvuke ukapozwa, na yale yanayodondoka yakakusanywa bila chumvi wala udongo. Halafu kuna ya kudunga mwilini, yaliyoletwa kutoka Nairobi katika chupa zilizofungwa, yenye chumvi kiasi kile kile kilichomo katika damu. Hayo wagonjwa waliyaita dripu. Bwana Wafula aliniambia kwamba mtambo wetu wa kukeneka ulikuwa mdogo na umeme haukuaminika, kwa hiyo tukeneke siku umeme unapopatikana, tuweke maji katika mtungi mkubwa wa kioo, na kila asubuhi tuchemshe ya kutumia siku hiyo. "Maji ikichemka, kilicho hai ndani yake kimekufa," alisema. Niliandika maneno hayo katika daftari langu.

Daftari hilo lilikuwa shule yangu. Niliandika kila neno nililosikia na sikulielewa, na Jumamosi nililitafuta. Mjini palikuwa na mzee aliyetandaza vitabu vikuukuu kando ya soko, vingine vimeachwa na wazungu waliohama, na kwake nilipata kitabu cha wafamasia kisicho na jalada. Nilikisoma miaka mitatu. Sikukielewa chote, ila nilijua kila sura iko wapi, na hilo lilikuja kunisaidia.

Baada ya miaka minne niliruhusiwa kukaa kwenye hadubini, kisha nikahamishwa Kangema, kwenye zahanati iliyohudumia wachumaji chai. Mkuu wangu huko alikuwa Afisa wa Kliniki, mtu mwenye haraka, ambaye aliweka choo cha mgonjwa mezani kwangu akitaka jibu kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Huko nilijifunza kuhesabu. Ukihesabu mayai ya minyoo katika slaidi, yaani kile kipande chembamba cha kioo kinachowekwa chini ya hadubini, huruki, wala hurudi nyuma, wala hubadilishi nambari kwa sababu imekushangaza. Afisa wa Kliniki aliwahi kuniambia, "Wewe dada, hesabu yako inachelewesha laini, lakini sijawahi kumpa mtu dawa asiyoihitaji kwa sababu yako." Nilikaa Kangema miaka mitano.

Kisha barua ikaja. Bwana Wafula alikuwa amehamia kituo kidogo cha utafiti nje ya mji wa Nyeri, na alikuwa ameniomba. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba vinne vya mabati, vibanda vya sungura, na Daktari Mtafiti mmoja, mtu wa Meru aliyesomea ng'ambo na kurudi na swali moja kichwani. Alitaka kujua kama mimea ambayo watu wa mlimani huitumia inaweza kuamsha kinga ya mwili.

Lazima nieleze kinga ni nini, maana vijana siku hizi hulisikia neno hilo kwenye matangazo tu. Mwili una ulinzi wa namna mbili. Mmoja hujifunza. Ukichanjwa ndui, unaikumbuka ndui. Huo wa pili tunazaliwa nao, na haujifunzi jina la ugonjwa wowote. Ni seli nyeupe za damu zinazozunguka, na zikikutana na kitu chenye ngozi ya kigeni, kama bakteria au kuvu, humeza. Sisi kituoni tuliziita walaji. Mlaji aliyetulia ni mviringo na mvivu. Mlaji aliyeamshwa hutandaa kwenye kioo, hutoa vidole, na hula mara mbili zaidi. Daktari Mtafiti alitaka kitu cha kuwaamsha kabla ugonjwa haujafika, hasa kwa watu wenye vifua dhaifu.

Mmea aliouchagua ulikuwa shubiri, ambayo sisi Wakikuyu huiita thukurui. Ya kwetu humea kwenye mawe makavu upande wa Naro Moru, na majani yake ni mazito yenye miiba pembeni. Tulizipata kwa mwanamke mmoja mzee, Cucu Wangeci, cucu kwetu ni bibi, aliyefuga kuku kando ya barabara ya Nanyuki. Alikatakata jani na kulitia katika maji ya kuku kila walipoanza kuzubaa.

"Kwa nini unawapa, Cucu?" nilimuuliza mara ya kwanza, daftari mkononi.

"Ndiyo wasikufe."

"Na unajuaje kwamba ni hiyo inawazuia kufa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Wewe mtoto, kuku wangu wako hapo. Za jirani ziko wapi? Hesabu."

Nilihesabu. Zilikuwa ishirini na tatu, na za jirani hazikuwapo. Daktari Mtafiti aliponisikia nikimsimulia alicheka, lakini Bwana Wafula alisema huyo cucu alikuwa amefanya jaribio, kilichokosekana ni kujua kama jirani alikuwa na kuku tangu mwanzo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza jani lilisimamishwa wima usiku kucha ili utomvu wa manjano uteremke na kumwagwa, maana huo ni mchungu na huharisha. Kisha tulimenya ganda na kuchukua ute ulio katikati, ule unaoteleza. Ute tuliusaga kwa maji yetu yaliyokenekwa na kuchemshwa, tukauchuja, tukaongeza spiriti mara tatu yake. Hapo nyuzi nyeupe hujitokeza na kuzama, kama uji unaoganda. Nyuzi hizo ni sukari, siyo ya chai, bali sukari iliyofungamana mnyororo mrefu, na mnyororo huo unafanana kidogo na ngozi ya hamira. Daktari alidhani walaji huudhania hamira, na ndiyo maana huamka. Tulizikausha, tukaziyeyusha tena katika maji yale yale, safari hii yametiwa chumvi kwa kipimo, na hiyo ikawa dawa yetu.

Kuipima, nilijichoma kidole na kuweka tone la damu kwenye slaidi, ndani ya kisanduku chenye joto na unyevu. Baada ya nusu saa walaji huwa wamegandamana na kioo, na damu nyekundu unaiosha. Kisha unawapa hamira iliyochemshwa, na juu yake ama dawa ya shubiri ama maji matupu ya kulinganishia. Unangoja, unapaka rangi, unahesabu kila mlaji amemeza hamira ngapi. Maji ya kulinganishia ndiyo nguzo ya kazi yote. Ukitaka kujua shubiri imefanya nini, lazima uwe na slaidi nyingine iliyopata kila kitu isipokuwa shubiri. Sisi tulitumia ile dripu ya Nairobi, kwa sababu ilikuwa safi kuliko yote tuliyokuwa nayo.

Matokeo yalikuwa ya kufurahisha. Walaji waliopata dripu walilala. Waliopata shubiri walitandaa na kula, hamira nne, tano, mpaka wengine walionekana wamevimbiwa. Niliwahesabu miezi saba na haikubadilika. Tuliwadunga sungura wawili, wakapata joto kidogo jioni ile na asubuhi wakawa wazima. Tuliandika kwamba joto hilo ni ishara ya kinga kuamka. Niliandika mimi kwa mkono wangu.

Sasa Daktari Mtafiti alitaka kwenda kwa binadamu. Hatua ya kwanza ilikuwa kumdunga mtu mmoja mzima kiasi kidogo na kumwangalia. Tulikuwa tunakunywa chai tulipolijadili.

"Wa kwanza nitakuwa mimi," Bwana Wafula alisema.

"Wafula, wewe una kifua kibaya," Daktari akamjibu.

"Ndiyo sababu. Mwenye kifua kizuri atatuambia nini?"

"Nilifikiri tuanze na mimi."

"Wewe ukianguka nani atakuinua? Mimi siwezi, niko na kifua kibaya."

Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Julai ile alikuwa amelazwa mara ya tatu, na alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Aliniambia tukiwa peke yetu kwamba hataki mgonjwa yeyote adungwe kitu ambacho yeye amekiogopa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na ikifanya kazi, Nyaguthii, nitafika nyumbani nikiwa na pumzi." Siku ikapangwa, Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi.

Jumatatu ya wiki hiyo dripu haikufika. Gari la vifaa lilikuwa limeharibika njiani, na chupa ya mwisho ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na slaidi za kumaliza, na sikutaka kuacha pengo katika hesabu ya miezi saba. Nikatengeneza maji ya kulinganishia mwenyewe. Nilichota maji ya mtungini, nikayachemsha kama kila siku, nikatia chumvi kwa kipimo, nikayapoza. Hayakuwa na tone la shubiri.

Walaji waliamka. Walitandaa, wakatoa vidole, wakala hamira kama wale wa shubiri. Nilihesabu slaidi nzima nikidhani nimezichanganya. Jumanne nilirudia, na safari hii nilifunga uzi mwekundu kwenye kisanduku cha shubiri na mweupe kwenye cha maji ili nisijidanganye. Mweupe ulikula sawa na mwekundu.

Hapo ndipo nilipokitoa kile kitabu kisicho na jalada. Nilikumbuka sura ya maji ya sindano, na ndani yake ukurasa unaosema kwamba maji yaliyokaa huota bakteria, hata yaliyokenekwa, maana bakteria wengine huridhika na kidogo sana. Ukiyachemsha unawaua, lakini ngozi zao hubaki ndani ya maji. Hazina uhai tena, lakini haziharibiki kwa kuchemsha, wala kwa mvuke, na zikidungwa mwilini huleta joto, baridi ya kutetemeka, na zikiwa nyingi mshipa wa damu hulegea na moyo kushindwa. Walaji huzitambua kuliko kitu kingine chochote. Nilikwenda kwenye mtungi, nikachomoa mpira wa kutolea maji, nikautia kidole. Ndani ulikuwa unateleza.

Kwa hiyo tulikuwa tumelinganisha shubiri yenye maji machafu na dripu safi, na tukawapongeza walaji kwa kuitambua shubiri. Na wale sungura walikuwa wamepata homa tu.

Ilikuwa Jumanne saa nane mchana. Nataka niliseme hili wazi, kwa sababu ndilo ninalowaandikia. Nilijua Jumanne saa nane, na sikusema. Mtungi ulikuwa wangu. Maji yalikuwa yangu. Na ndani ya droo ya Daktari Mtafiti palikuwa na barua ya kunipendekeza katika chuo cha mafundi wa maabara, ambayo alikuwa ameahidi kuitia sahihi Ijumaa hiyo hiyo baada ya sindano. Nilikuwa nimeingoja miaka kumi na moja. Nilijiambia kwamba lazima kwanza nihakikishe. Jumatano nikahakikisha. Nilikeneka maji mapya, maana ngozi hizo hazipandi na mvuke, moja kwa moja katika chupa niliyoioka ovenini kwa moto mkali kuliko tuliowahi kutumia, kwa sababu kitabu kilisema ngozi hizo huungua kwa joto kavu tu. Maji hayo mapya hayakumwamsha mlaji hata mmoja. Nikaandaa ute wa shubiri katika maji hayo, na walaji wakaamka kidogo, wachache, polepole. Nilikuwa na jibu Jumatano jioni, na bado nikaenda nyumbani.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Bwana Wafula anajipima joto la mwili kwa ajili ya kesho yake, kipimajoto kinywani, daftari magotini. Alinionyesha kwa kidole nikae. Alipokitoa akasema, "Thelathini na sita na nukta tano. Andika, usije ukasema nilikuja na homa yangu kutoka nyumbani."

"Mzee," nikasema, "usidungwe kesho."

"Umeota nini?"

"Kuja uone slaidi."

Alikaa kwenye hadubini karibu saa nzima. Alihesabu mwenyewe, midomo ikisogea. Niliweka slaidi nne bila kumwambia ipi ni ipi, naye akaniandikia nambari nne kwenye karatasi, na nilipomfunulia majina aliziangalia kwa muda. Daktari Mtafiti alikuwa ameingia na amesimama nyuma yetu.

"Nani alichemsha hii maji?" Bwana Wafula akauliza.

"Ni mimi, Mzee."

"Na nani alikufundisha kuchemsha?"

Niliinama kupanga slaidi.

"Nimekuuliza."

"Ni wewe."

"Basi tuko wawili," akasema, na akarudi kwenye hadubini.

Daktari alichukua kile kitabu, akasoma ukurasa nilioutia alama, akasoma tena. Hakupandisha sauti. "Nilisoma jambo hili ng'ambo," alisema. "Nililifanyia mtihani. Halafu nikaja hapa nikalinganisha na dripu." Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kisha akaniuliza, "Umejua tangu lini?"

"Jumanne, Daktari."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

Bwana Wafula aligeuka kwenye kiti. Nilitarajia aseme kitu cha kunitetea, au cha kuchekesha, kama kawaida yake. Badala yake akachukua daftari lake la joto, akapiga mstari juu ya ile thelathini na sita na nukta tano, na akatoka nje kukohoa.

Ijumaa saa tatu, badala ya sindano, tulikuwa watatu tunaoka chupa. Bwana Wafula alichukua mtungi mkubwa, akautoa nje na kuupindua juu ya nyasi, na mpira akautupa shimoni kwa mkono wake. Tulianza upya tangu jani la kwanza. Kanuni mpya aliiandika yeye na kuibandika ukutani. Maji ya kulinganishia yatatoka katika chupa ile ile iliyotumika kutengeneza dawa, siku ile ile. Maji yaliyolala yasitumike. Chini yake aliandika, kwa herufi ndogo, kwamba kanuni ya zamani ya kuchemsha ilikuwa yake na ameifuta.

Miezi kadhaa baadaye ilinibidi pia niende Naro Moru kumweleza Cucu Wangeci kwa nini hatutahitaji majani mengi kama zamani. Nilimweleza yote, akinitilia chai.

"Kwa hivyo," akasema mwishowe, "mlichukua thukurui yangu safi, mkaitia maji yenu chafu, halafu mkashangaa ati iko na nguvu."

"Ndivyo, Cucu."

"Na mkaenda shule."

"Daktari alienda. Mimi sikwenda."

"Basi wewe unaweza kusamehewa," akasema. Baada ya kufikiri akauliza, "Lakini iko na nguvu kidogo?"

"Iko. Kidogo, na siyo kila jani. Majani ya kiangazi yanashinda ya mvua."

"Hiyo ningekuambia bure."

Ripoti yetu ilipotoka, mwaka mmoja na nusu baadaye, ilikuwa ya kurasa chache. Ilisema kwamba ute wa shubiri ya mlimani huamsha walaji kwa kiasi, katika kioo, na kwamba hatujui kama hufanya hivyo mwilini. Kurasa mbili nzima zilieleza kosa letu la maji. Daktari alikataa kuzipunguza, ingawa aliambiwa zingemwaibisha. Barua yangu aliitia sahihi miezi mitano baada ya Ijumaa ile. Sikumuuliza kwa nini alichelewa.

Nilisoma chuoni miaka miwili, nikapangiwa Karatina, kisha Nanyuki chini ya Mkuu wa Maabara ambaye alihifadhi funguo zote shingoni kwake, kisha nikarudi Nyeri na kuwa Msimamizi mimi mwenyewe. Niliosha neli kila Jumatatu hadi mwisho, siyo kwa unyenyekevu, bali kwa sababu sikumwamini mtu mwingine. Bwana Wafula alistaafu wakati wake, akarudi kwao, na akaishi miaka tisa. Alikufa kwa kile kifua chake. Mwanawe aliniandikia kwamba alikufa mchana, amekaa kitini nje, akiota jua.

Baadhi yenu mtakuwa mmesikia mengi kuhusu mimea na kinga. Shubiri sasa inauzwa katika chupa zenye picha nzuri, na watu wa Ruring'u huniuliza kama wanunue. Mimi siidharau mimea. Tangu tulipofanya kazi ile, wenye vifaa kutushinda wamegundua kwamba walaji wana milango maalumu juu ya ngozi yao, mmoja wa kutambua sukari kama ile ya ute wetu, mwingine wa kutambua ngozi za bakteria, na kwamba mimea mingi hugonga milango hiyo kweli. Wamegundua pia kwamba majibu mengi ya zamani yalikuwa ya maji machafu kama yetu, katika maabara kubwa kuliko ya mabati. Nikiulizwa, huwaambia waulize maswali mawili. Imelinganishwa na nini? Na imejaribiwa kwa nani? Wengi huondoka bila kuridhika, maana walitaka ndiyo au hapana.

Nilistaafu nikiwa na miaka hamsini na mitano. Walinifanyia chai. Mkuu wa Maabara wa sasa, kijana mwenye heshima, alisimama na karatasi na kusimulia habari ya Bwana Wafula, jinsi alivyoisikia kwa waliomtangulia. Alisema kwamba nilipoona slaidi ile nilikimbia papo hapo ofisini kwa Daktari na kuizuia sindano, bila kujali kazi yangu. Watu walipiga makofi.

Nilisimama nikaomba radhi kwa kumkatiza. Niliwaambia kwamba sikukimbia. Nilijua Jumanne mchana na nikasema Alhamisi asubuhi, na katika siku zile mbili mtu niliyemheshimu kuliko wote alikuwa akijipima joto akijiandaa kudungwa maji yangu. Huenda angepata homa ya siku moja tu, kama wale sungura. Huenda, kwa kifua chake, asingeamka. Hakuna anayejua, na sikuwa na haki ya kukaa siku mbili juu ya jambo ambalo hakuna anayejua.

Mtu fulani akaweka kikombe chini. Mkuu wa Maabara akaitazama karatasi yake na kuniuliza, kwa sauti ya upole, kama nataka ibadilishwe, kwa kuwa ingewekwa katika jalada langu la utumishi.

"Ndiyo," nikamwambia. "Andika siku mbili."

Alitafuta kalamu mifukoni, akaazima ya jirani, na mimi nikabaki nimesimama mpaka alipomaliza kuandika.